Karthala ya Ngazija, kisima cha Msimbati na klipu inayotisha watu

"Shikamoo mtaalamu. Mimi naishi Msimbati, mume wangu mvuvi, na dada yangu mkubwa ameolewa Ngazija, kijiji chao kipo chini ya mlima Karthala. Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu inasema ule mlima utapasuka, kisiwa kiporomoke baharini halafu Mtwara yote ifunikwe na maji, wametaja mpaka mwezi. Nilikuwa siamini ila kuna mambo matatu yananitisha. Kaskazi ilipokuwa inaisha watoto waliokota ufukweni mawe ya kijivu mepesi, ukiyatia kwenye ndoo yanaelea. Kisima chetu kilikuwa na maji matamu, sasa yana chumvi na mchana yana uvuguvugu. Na bibi mmoja jirani anasema hata gesi yetu ni moshi wa moto uleule unaopita chini ya bahari kutoka Ngazija. Tumeshaanza msingi wa nyumba ya tofali. Tuhame au tuendelee? Na dada nimwambie nini?"

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara tatu maana ndani yake yamo kama maswali matano yamefungwa kwenye kanga moja, na ukiyaacha yamefungwa hivyo lazima utishike, mtu yeyote angetishika. Tuyafungue moja moja.

Kwanza nikupe la kukulaza usingizi. Nyumba yako haiko juu ya volkano. Kisima chako hakipashwi moto na Karthala. Na klipu inayotaja mwezi ni uongo, nalisema hili bila kusitasita, kwa sababu hakuna mtaalamu wala chombo duniani kinachoweza kutaja mwezi ambao mlima utaporomoka, kwa hiyo mtu akikutajia mwezi ameshajianika mwenyewe. Ila sitakudanganya kwamba bahari ya upande ule haina neno na sisi. Inalo, na nitakuja kulieleza.

Sasa tuanze na mahali penyewe. Simama ufukweni hapo Msimbati asubuhi jua linachomoza, halafu geuka kidogo mkono wa kulia. Ukienda moja kwa moja upande huo, kama kilomita 380 hivi kutoka Mtwara mjini, unakutana na Ngazija, kimojawapo cha visiwa vya Komoro. Sisi wa kusini tukisikia volkano tunawaza Kilimanjaro, Oldonyo Lengai, au Rungwe kule Mbeya, kumbe ukipima kwenye ramani mlima wa moto ulio karibu zaidi na Mtwara ni huo Karthala, Rungwe iko mbali karibu mara mbili yake. Watu wengi hawalijui hili na mimi naona ni kosa letu tunaofundisha, tunachora ramani ya Tanzania tunaishia kwenye ukingo wa maji kama vile dunia inaishia hapo.

Visiwa vyenyewe ni vinne vikubwa, vimejipanga kwa mshazari kutoka kaskazini magharibi kwenda kusini mashariki: Ngazija, Mwali, Nzwani, halafu Maore (Mayotte), ambayo iko chini ya Ufaransa. Vyote vinne vimejengwa na moto. Yaani usivifikirie kama visiwa vyetu. Mafia, Songosongo, Kilwa Kisiwani, hivi vimesimama juu ya matumbawe, mawe ya chokaa na mchanga, na bahari kati yake na bara ni ya kina kidogo. Visiwa vya Komoro ni milima kamili iliyoanzia sakafu ya bahari, kina cha mita elfu tatu na zaidi, ikarundikana lava juu ya lava mpaka ikatoa kichwa nje ya maji, na Karthala imeendelea kupanda hadi mita 2,361 juu ya bahari. Kwa hiyo unachokiona ukifika Moroni, mji mkuu wa Komoro ulio hapo Ngazija, ni kichwa tu, mwili umezama.

Na uzuri wa visiwa vile ni kwamba umri wake unauona kwa macho bila kusoma kitabu. Ngazija ndo kichanga. Kuna sehemu ni lava nyeusi tupu inashuka mpaka baharini, na kisiwa kizima hakina mto unaotiririka mwaka mzima, si kwamba mvua hakuna, mvua inanyesha sana, ila ile lava ina matundu kama sifongo, maji yanazama yote yanapotelea chini, ndo maana watu wa kule wanategemea matangi ya kuvuna maji ya mvua na visima vya pwani vinatoa maji ya chumvichumvi. Hili la visima liweke akilini, nitalirudia. Ukienda Nzwani na Mwali unakuta mito, mabonde yamechongeka, maana lava ya zamani imeshaoza ikawa udongo unaoshika maji. Ukifika Maore, ambayo ndo kongwe, milima imelika imekuwa mifupi, kisiwa kinazama polepole kwa uzito wake, na matumbawe yamekizunguka mbali na ufukwe yakaacha katikati maji ya utulivu, moja ya mazingira makubwa ya namna hiyo duniani.

Kwa miaka mingi walimu tumekuwa tukieleza mpangilio huo kwa mfano wa bati na mshumaa. Ukishika bati ukalipitisha taratibu juu ya mshumaa, linapata alama za moshi zilizopangana, ya zamani iko mbali na mshumaa na ya sasa iko juu yake. Hawaii ndo inaelezwa hivyo na kule mfano unakaa vizuri. Kwa Komoro ukawa unakaa pia, Maore ya zamani, Ngazija ya sasa. Halafu ikaja 2018.

Mei 10 mwaka 2018 Maore ikaanza kutetemeka, matetemeko maelfu kwa maelfu kwa miezi, moja la tarehe 15 Mei likafika ukubwa wa karibu 5.9. Watu walilala nje. Novemba 11 mwaka huohuo mitambo ya matetemeko ikanasa mngurumo mrefu wa ajabu uliozunguka dunia nzima, na hakuna aliyeuhisi kwa miguu. Mei 2019 meli ya utafiti Marion Dufresne ilipopima sakafu ya bahari kama kilomita 50 mashariki mwa Maore, ikakuta mlima mpya kabisa, urefu wa mita 820, umesimama kwenye kina cha mita 3,500, mahali ambapo vipimo vya zamani vilionyesha sakafu tambarare. Wameuita Fani Maoré. Na kisiwa chenyewe cha Maore kikawa kimeshuka karibu sentimita 20 na kusogea kuelekea mashariki kiasi kama hicho, maana uji wa moto uliokuwa chini yake ulihama, sawa na godoro la upepo likitolewa upepo upande mmoja.

Ona sasa, mshumaa ulitakiwa uwe Ngazija, moto mkubwa ukatokea upande ulioitwa mzee. Ndo maana siku hizi wataalamu wengi wanaegemea maelezo mengine, kwamba pale pana mpaka wa mabamba ya dunia, yaani vipande vikubwa vya gamba la nje la ardhi, bamba la Somalia upande wa kaskazini na bamba dogo la Lwandle upande wa kusini, na ukanda ule unavutwa, unapata nyufa, na uji wa moto unatumia nyufa hizo kupanda. Mjadala haujaisha na mimi siulazimishi uishe. Kwako wewe la maana ni hili: maelezo yoyote utakayochukua, moto ule unapanda wima kutoka chini kabisa, makumi ya kilomita chini ya visiwa vyenyewe. Hausafiri kwa mlalo kilomita 380 kuja Msimbati kama maji kwenye bomba. Hakuna bomba. Kati yetu na Ngazija pana sakafu ya bahari baridi yenye tope nene, na pana mgongo mrefu chini ya maji unaoitwa Davie, njia ambayo Madagaska iliteleza kwenda kusini ilipoachana na Afrika zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita.

Kwa hiyo bibi jirani, mpe heshima zake, ila gesi si moshi wa Karthala. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa 1982 na ile ya Songosongo 1974, na zote asili yake ni tope lenye mabaki ya mimea na viumbe ambalo mito kama Ruvuma imekuwa ikilimwaga baharini kwa mamilioni ya miaka. Tope likafunikwa na tope jingine, likazama kilomita kadhaa, na huko chini kuna joto la kawaida la ardhi, joto lililopo kila mahali duniani ukichimba sana. Likapikika taratibu kama kunde kwenye chungu, gesi ikatoka ikanaswa ndani ya mchanga. Kwa kweli pakiwa na volkano chini yake gesi ile isingekaa, ingeungua au ingetoroka. Na pwani yetu hii ya kusini ni miamba ya tope na mchanga, uwanda wa Makonde ni mchanga ulioshikana, na Tendaguru kule Lindi, walikochimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909, ni matabaka ya mto na bahari ya kale. Mifupa kama ile haihifadhiki ndani ya lava.

Mawe ya watoto sasa. Haya yananifurahisha kwa sababu yanaweza kuwa ya volkano kweli, na bado si dalili ya chochote. Ni jiwe lile watu wanalosugulia visigino. Linatokea pale uji wa moto wenye gesi nyingi unaporushwa na kupoa ghafla, mapovu yanagandia ndani yake, ndo maana linaelea. Likishaanguka baharini linasafiri miezi, hata miaka. Krakatau ilipolipuka 1883 kule Indonesia, mawe kama haya yalivuka Bahari ya Hindi nzima yakafika pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Na sisi Mtwara tumekaa mahali pa kupokea, maana mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki unapita kaskazini mwa Madagaska unakuja kugonga pwani ya Afrika jirani na Rasi ya Delgado, hapo unagawanyika, mmoja unapanda kwetu kwenda Lindi na Kilwa, mwingine unashuka Msumbiji. Kila kinachoelea huko kina nafasi nzuri ya kuishia ufukweni kwenu. Liangalie jiwe vizuri, likiwa limeviringika kingo na lina vikonokono vimeota juu yake, ujue limeogelea muda mrefu. Kama halielei ni zito na linang'aa kama kioo, hilo linaweza kuwa masalia ya makaa ya meli za zamani za mvuke, nayo yapo sana kwenye fukwe zetu. Waache watoto wacheze nayo.

Kisima ndo kinachonisumbua zaidi ya vyote ulivyoandika, kwa sababu hicho ni tatizo la kweli na liko nyumbani kwako. Msimbati ni ulimi wa mchanga umezungukwa na bahari. Maji matamu mnayochota ni ya mvua, yamezama kwenye mchanga na kwa kuwa ni mepesi kuliko ya chumvi yanakaa juu yake, kama mafuta ya nazi juu ya mchuzi. Tabaka lenyewe ni jembamba. Watu wakiongezeka, mtu akitia pampu, mvua zikikosa, au wewe mwenyewe ukichimba kisima kirefu zaidi ukidhani unafuata maji mengi, yale matamu yanashuka na ya chumvi yanapanda kwa kasi, hesabu tunayotumia ni kwamba yale matamu yakishuka mita moja, chumvi inaweza kupanda hata mita 40. Ni shida ileile ya visima vya pwani ya Ngazija niliyokuambia tuiweke akilini. Ndugu zetu wa kule wana moto chini na bado chumvi yao inatoka baharini, sembuse sisi. Uvuguvugu wa mchana ni jua tu, kisima kifupi kwenye mchanga mweupe mwezi wa tatu kitaachaje kuwa vuguvugu. Pima alfajiri uone.

Sasa nije kwenye lile la bahari. Je, mlima wa kisiwa unaweza kuporomoka? Unaweza. Visiwa vya volkano duniani kote vimewahi kumeguka ubavu, Hawaii alama zipo chini ya bahari, na karibuni kabisa, Desemba 22 mwaka 2018, ubavu wa Anak Krakatau uliporomoka ukaleta wimbi lililoua watu zaidi ya 400 kwenye pwani za jirani. Kwa hiyo klipu haikutunga kitu kutoka hewani, imechukua jambo linalotokea mara moja katika maelfu mengi ya miaka kwa mlima mmoja, ikalitia mwezi na muziki wa kutisha. Pia kuna tofauti ambayo klipu haikukuambia. Wimbi la mporomoko ni kama jiwe limetupwa bwawani, karibu linatisha, ila likisafiri linatawanyika na kupungua nguvu. Wimbi la tetemeko kubwa la sakafu ya bahari ni kama mtu ameinua beseni zima upande mmoja, lile halichoki. Ndo maana lile la Desemba 26 mwaka 2004 lilitoka Sumatra, zaidi ya kilomita 6,000, na bado likaua watu hapa Tanzania. Likitoka Komoro wimbi lingekuwa dogo zaidi lakini lina ubaya wake, ni karibu. Kwenye kina cha mita 3,000 wimbi linakwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa, maana yake mngekuwa na muda usiofika saa moja.

Kwa hiyo sikuambii uishi na hofu, nakuambia mfundishe mumeo na watoto kitu kimoja. Mkihisi ardhi inatikisika kwa muda mrefu, au bahari ikirudi nyuma kupita kupwa ya bamvua wakati si saa ya maji kupwa, au mkisikia ngurumo kutoka baharini, msisubiri simu wala redio, msiende kuokota samaki waliobaki, ondokeni kuelekea bara upande wa Madimba, na msirudi baada ya wimbi la kwanza, maana yanakuja kadhaa na la kwanza si lazima liwe kubwa. Mume akiwa kwenye maji ya kina kirefu abaki hukohuko, wimbi linainuka likifika maji mafupi. Tahadhari rasmi zinatolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, na matetemeko yanafuatiliwa na Taasisi ya Jiolojia kule Dodoma, GST. Klipu isiyotaja hata mmoja wao usiitume mbele.

Majivu je? Karthala imelipuka zaidi ya mara 20 tangu karne ya 19, mara ya mwisho 2007, na sisi huku maisha yameendelea. Likitokea jambo kubwa wakati wa kusi upepo unaelekea upande wetu, na vumbi jembamba si ajabu likafika. Lingekuwa kero ya siku mbili tatu.

Nyumba endeleeni kujenga, ila tofali zenu zina maadui wengine. Bahari inakula fukwe, na vimbunga vinakuja kwa njia hiyohiyo ya Komoro, Kenneth ya Aprili 2019 ilipita kaskazini mwa Ngazija usiku na siku iliyofuata ikatua Cabo Delgado, hapo jirani, nyie mnaikumbuka watu walivyohamishwa. Wazee wa Lindi wanasimulia ya 1952. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni, na mko ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo msingi kama uko karibu na maji nenda kawaone watu wa hifadhi kabla hujaongeza kozi nyingine. Zege msichanganye na mchanga wa ufukweni wala maji ya hicho kisima, chumvi itakula nondo ndani kwa ndani, mtaona kuta zinapasuka baada ya miaka michache mkadhani ni Karthala.

Dada yako sasa, kwake ni tofauti kabisa na sitaki umwambie maneno niliyokuambia wewe. Yeye yuko juu ya mlima wenyewe. 1977 lava ilifika kijiji cha Singani ikakiharibu. Aprili 2005 watu kama 10,000 walikimbia vijiji vyao kwa majivu, na Novemba mwaka huohuo majivu yakaingia kwenye matangi ya maji, maelfu wakakosa maji safi. Lava ya kule huwa inatembea, mtu anaweza kuiacha nyuma akiambiwa mapema. Kinachoua ghafla ni gesi, 1903 iliua watu 17, maana ni nzito kuliko hewa inajaa mabondeni na kwenye mashimo. Mwambie ajue njia mbili za kutoka kijijini, tangi la maji liwe na mfuniko na bomba la kutoka kwenye bati liwe la kuchomoa haraka majivu yakianza, awe na kitambaa cha kufunga puani, na asikae bondeni. Moroni wana kituo cha kuuangalia mlima huo tangu 1988, taarifa zake ndo azisikilize. Akiambiwa aondoke aondoke siku hiyohiyo.

Na wewe fanya hivi wiki hii. Tafuta chupa mbili safi za maji, moja jaza kisimani wakati wa kupwa, nyingine wakati maji yamejaa kabisa siku za bamvua, andika saa na tarehe, halafu zipeleke Mtwara mjini ofisi ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini au RUWASA, wakala wa maji vijijini, waombe wakupimie chumvi na vijidudu kwa pamoja, na watoto wasinywe maji hayo bila kuchemshwa mpaka majibu yatoke. Kama chupa ya pili ina chumvi nyingi kuliko ya kwanza, basi ni bahari inaingia, na hapo dawa ni kupunguza kuchota, kuacha kuchimba chini zaidi, na kuweka bati na tangi la mvua kwenye hiyo nyumba mpya tangu mwanzo. Ukipata majibu niandikie namba zenyewe, nitakusomea.